Binti, Amua Kabla ya Kuripoti Chuo: Pombe na Afya Yako Dodoma

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke mwezi Julai hadi siku ya kuripoti chuo, Oktoba au Novemba, binti hupewa maelekezo mengi. Nunua ndoo na godoro. Vyeti usivitoe mkononi. Tunza pesa. Jihadhari na wanaume. Kuhusu pombe huambiwa neno moja tu, "usinywe", kisha mazungumzo yanahamia kwenye nauli. Mimi naomba tukae hapo hapo kwenye pombe kwa muda. Uamuzi huu ni mwepesi ukiufanya ukiwa nyumbani, akili imetulia. Ni mzito ukiusubiri hadi saa nne usiku, umekaa mezani, na mtu uliyemfahamu juzi ameshakuitia chupa.

Kwa nini tuzungumzie Dodoma? Kwanza, ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, na mwaka huo huo St John's kikafungua milango katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Kuna CBE, kuna Chuo cha Mipango, kuna chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. Pili, hii ni nchi ya zabibu. Divai ya Dodoma huuzwa madukani na kwenye stendi, na msafiri huinunua kama zawadi ya kupeleka nyumbani. Vijijini kwa Wagogo kuna ujimbi, pombe ya mtama au uwele, na mabinti wengi wa kanda hii wamesomeshwa na mama aliyekuwa akipika pombe na kuiuza. Kwa binti huyo pombe si kitu kigeni hata kidogo. Aliichuja akiwa darasa la tano, na ada ilitoka humo. Simlaumu mama yake, nawe usimlaumu. Ila ujimbi haupimwi nguvu: wa leo na wa kesho kutwa haulingani, kwa sababu unaendelea kuchacha ndani ya chombo.

Ukiwasikiliza wasichana wanaosubiri kuripoti, utasikia mambo yanayojirudia. Mmoja hatumii kabisa kwa sababu ya dini yake, na hana wasiwasi. Mwingine anasema nyumbani amebanwa mno, akifika chuo atajaribu "kidogo tu". Wa tatu amekwisha kujaribu kwenye harusi au mahafali. Wote watatu huwa na imani moja: kwamba chuoni kila mtu anakunywa. Hapo wamekosea. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli. Sababu yake ni nyepesi. Anayelewa anaonekana na picha zake zinasambaa. Aliyelala bwenini baada ya kula ugali na maharage hazungumzwi. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika Mwanza na Kilimanjaro kwa vijana wa sekondari, wa vyuo na vibarua, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa wanaotumia pombe zaidi ni wavulana kuliko wasichana. Kwa hiyo ukifika na msimamo wa kutotumia hutakuwa peke yako, hata kama wiki ya kwanza utajihisi hivyo.

Sasa tuingie kwenye glasi yenyewe, maana hapa ndipo uelewa unapopungua zaidi. Utasikia kwamba divai si pombe kali, au kwamba sida, ile chupa ndogo ya pombe ya tufaha, ni kinywaji cha kike. Mwili haujui jina la kinywaji. Unajua tu kiasi cha kileo kilichoingia. Wataalamu hupima kwa kipimo kimoja chenye gramu 10 za kileo halisi, na unaweza kupiga hesabu hiyo kwa simu yako: chukua mililita za chupa, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, kisha gawanya kwa 1,250. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa vipimo 2. Sida ya mililita 330 yenye asilimia 6 inatoa kimoja na nusu na ushee. Chupa ya divai ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina vipimo 7, kwa hiyo wasichana wawili wakiigawana sawa, kila mmoja amekunywa karibu bia mbili. Divai tamu nyingine huongezwa nguvu na kupita asilimia 15, na utamu wake haukuonyi. Kichupa cha Konyagi cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina vipimo 5 na nusu. Kichupa hicho kinaingia kwenye mkoba mdogo.

Ini husafisha kama kipimo kimoja kwa saa, na kwa watu wengi ni pungufu ya hapo. Aliyemaliza kichupa hicho saa sita usiku bado anaweza kuwa na kileo kwenye damu anapoingia kipindi cha saa moja asubuhi. Hakuna njia ya mkato. Kahawa, maziwa, ndimu, supu ya moto, kuoga maji baridi: vyote hivi havilisaidii ini kufanya kazi haraka zaidi. Kula kabla ya kunywa kunachelewesha pombe kuingia kwenye damu, na hilo lina faida, ila kiasi kinabaki kile kile. Kuchanganya na kinywaji cha enaji ndiko kubaya zaidi, kwa sababu unajiona uko macho ilhali umelewa, na unaongeza nyingine.

Huenda unajiuliza: mbona kaka yangu anakunywa bia nne na haonyeshi, mimi mbili zinanizungusha? Si udhaifu. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume wa uzito ule ule, na pombe huenea kwenye maji ya mwili. Maji yakiwa kidogo, kileo kwenye damu kinakuwa kizito zaidi. Pia tumboni mwake kimeng'enya kinachovunja pombe kabla haijafika kwenye damu hufanya kazi kidogo zaidi. Na wakati mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaporipoti, Oktoba na Novemba kabla mvua hazijashika, Dodoma ina jua kali na hewa kavu. Pombe inakufanya ukojoe sana, na mwili unaishiwa maji haraka.

Na madhara ya mbele? Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Pombe ni miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, ikiwemo saratani ya matiti, na hatari huongezeka kadiri unavyokunywa. Ukiwa mjamzito pia hakuna kiasi salama, na mimba hukaa wiki kadhaa kabla mwenyewe hajajua. Siandiki haya kukutisha. Nayaandika kwa sababu binti wa miaka 19 ni mtu mzima anayestahili kuambiwa ukweli wote kisha achague.

Kuna jambo la dawa ambalo duka la dawa si kila mara hulitaja. Metronidazo, ambayo wengi tunaiita flajili na hutolewa kwa amiba na maambukizi ya ukeni, huja na onyo la kutokunywa pombe wakati wa dozi na kwa siku kadhaa baada yake. Panadoli nyingi pamoja na pombe nyingi huumiza ini. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akitapika muda mfupi baada ya kumeza, huenda kidonge kimetoka na matapishi. Vivyo hivyo P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinachotakiwa kumezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72: ukitapika kabla saa mbili hazijapita, rudi kwa mfamasia umweleze.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu pombe hula pesa kabla haijala afya. Mwaka wa masomo wa 2022/23 Bodi ya Mikopo ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na huja kwa mkupuo, ile inayoitwa boom. Bia moja baa si chini ya shilingi 2,000 hivi, na sida huwa ghali zaidi. Weka chupa tatu, nusu kuku wa kuchoma kwenye meza za mahali paitwapo Chako ni Chako, na bodaboda ya usiku ya kurudi upande wa chuo, Ng'ong'ona au Chimwaga, utaona siku mbili au tatu za chakula zimeondoka jioni moja. Boom ikitoka, lipa kodi kwanza kama umepanga nje, nunua mchele, unga na mafuta, na weka akiba ya nauli mahali ambapo hutaigusa. Kinachobaki ndicho cha starehe, iwe ya kilevi au isiyo ya kilevi. Wanaokopa chakula wiki ya sita wengi walitumia ovyo wiki ya kwanza. Kisha huja kusapu, yaani kurudia mtihani, na anayeshindwa kabisa anadisko, yaani anaondolewa chuoni.

Bila pesa yako je? Hapo linakuja suala la ofa. Mwanamume atakuitia chupa bila kukuuliza, na mhudumu ataileta imeshafunguliwa. Ofa si deni. Hukuiomba, na hata kama uliipokea hujamwahidi mtu yeyote kitu chochote. Jisemee hilo moyoni kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu baadhi ya watu hutegemea haya yako. Neno la kutumia ni fupi: "Mimi situmii, niletee maji makubwa." Sema hivyo kwa mhudumu mwenyewe, si kwa mwenye ofa. Usieleze sababu. Ukitoa sababu, mfano kwamba una mtihani, utaambiwa mtihani ni wiki ijayo, na mjadala umeanza. Ukisema hutumii, mara nyingi unaulizwa mara mbili kisha wanaendelea na mambo yao. Na kama hawaachi, meza hiyo si yako. Ondoka wakati daladala bado zipo.

Ukiamua kunywa, na wapo watakaoamua, panga mambo machache mkiwa bado hamjatoka. Kula chakula kamili. Mwende kwa kikundi cha watu mnaojuana, na mmoja wenu asinywe kabisa usiku huo, mbadilishane zamu. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, na ukiiacha kwenda msalani, usiirudie, agiza nyingine. Kila kilevi kifuatwe na maji. Jiwekee ukomo wa vipimo ukiwa nyumbani, mfano viwili, kisha ukifika hapo hamia soda. Weka simu na chaji, na namba ya bodaboda mnayemfahamu. Asiondoke mtu peke yake na mwanamume aliyekutana naye usiku huo, hata kama anasema yuko sawa. Na kama mmoja wenu bado ana miaka 17, basi kwake hakuna mjadala: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu yeyote kumuuzia pombe mtoto, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Soma pia kanuni za wanafunzi za chuo chako, hasa zinazohusu pombe bwenini, kabla hazijasomwa mbele yako kwenye kikao cha nidhamu.

Gongo usiiguse kabisa. Ni haramu kisheria, na tatizo lake kubwa ni kwamba inaweza kuwa na methanoli, aina ya kileo chenye sumu inayoharibu macho na kuua. Dalili zake huchelewa: mtu analala vizuri, kisha kesho yake anaona ukungu, kichwa na tumbo vinauma, anahema kwa shida. Huyo ni wa hospitali mara moja. Viroba, zile pakiti za plastiki, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa hiyo ukikutana navyo ujue vimepita njia za panya. Kwa chupa ya dukani, angalia stempu ya kodi ya TRA kwenye kifuniko. Programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu inakuwezesha kuihakiki bila malipo.

Sasa jambo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua, hata yule asiyewahi kuonja. Mwenzako amezima. Utajuaje kama amelala tu au yuko hatarini? Mwite kwa jina kwa sauti, mfinye bega. Asipoamka, hesabu pumzi zake: zikiwa chini ya 8 kwa dakika, au kukiwa na sekunde 10 au zaidi kati ya pumzi na pumzi, ni dharura. Vilevile kama anatapika bila kuamka, ana degedege, mwili umekuwa wa baridi, au midomo imebadilika rangi. Mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asigeuke, mdomo uelekee chini kidogo matapishi yatoke. Usimlaze chali. Usimpe kahawa wala maziwa, usimtapishe, usimmwagie maji. Mfunike, asiachwe peke yake hata dakika moja, na mpelekeni hospitali. Kwa walioko UDOM, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko pale pale eneo la chuo; walio mjini wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji huiita General. Wasichana hukawia kumpeleka mwenzao kwa kuogopa atafukuzwa au mzazi atajua. Naelewa hofu hiyo. Lakini kikao cha nidhamu kina rufaa. Pumzi ikikatika hakuna rufaa.

Na kama mtu amekufanyia jambo ambalo hukuliridhia wakati umelewa? Kosa ni la aliyelifanya. Ulevi wako haumpi ruhusa. Saa 72 za mwanzo ndizo za muhimu, na mapema zaidi ndiyo bora: hospitali ya serikali itakupa bure dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo humezwa kwa siku 28, pamoja na kinga ya mimba na vipimo vingine. Usioge wala kufua nguo ulizovaa, maana ni ushahidi. Zifunge kwenye mfuko wa karatasi. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utazungumza na ofisa aliyefunzwa, na hapo hutolewa PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Fomu hiyo hailipiwi. Ukiwa umeumia, tangulia hospitali. Uliza kama kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, mahali ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hukuhudumia pamoja ili usirudie kueleza kila dirisha. Kwa msaada wa polisi wa haraka piga 112.

Kabla hujaripoti, fanya pia kazi ndogo ya karatasi. Fomu ya kujiunga na chuo huja na fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo daktari wa hospitali ya serikali huijaza. Wengi huipeleka ipigwe muhuri tu. Itumie. Mweleze daktari kama una pumu, kifafa, sukari, vidonda vya tumbo au dawa unayomeza kila siku, na muulize pombe inaingiliana nayo vipi. Muulize pia kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa hiyo huenda ulichanjwa shuleni na kadi iko kabatini kwa mama. Bima ya NHIF ya wanafunzi kwa miaka mingi imelipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Angalia kiasi cha mwaka wako kwenye maelekezo ya chuo na uilipe mapema, kwa sababu bila kadi utatoa fedha taslimu dirishani.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mama au shangazi akikaa na binti jioni moja akamuuliza, "Wakikuitia, utasema nini?", atakuwa amemsaidia kuliko vitisho vya mwaka mzima. Mpeni ahadi moja: akipiga simu usiku wa manane akiwa kwenye shida, atatumiwa nauli kwanza na maswali yatakuja kesho.

Mwisho, kwa aliyekwisha kuanza na anajiuliza kama imezidi. Yapo maswali matatu yanayotokana na kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na unaweza kujipima mwenyewe. Unakunywa mara ngapi? Kamwe ni 0, mara moja kwa mwezi au pungufu ni 1, mara mbili hadi nne kwa mwezi ni 2, mara mbili au tatu kwa wiki ni 3, zaidi ya hapo ni 4. Siku unayokunywa, ni vipimo vingapi? Kimoja au viwili ni 0, vitatu au vinne ni 1, vitano au sita ni 2, saba hadi tisa ni 3, kumi na kuendelea ni 4. Mara ngapi unafikisha vipimo sita kwa mkao mmoja? Kamwe ni 0, chini ya mara moja kwa mwezi ni 1, kila mwezi ni 2, kila wiki ni 3, karibu kila siku ni 4. Jumlisha. Kwa mwanamke, 3 na zaidi ni alama ya kutafuta mtu wa kuzungumza naye. Anza na ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni kwako, au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Ikihitajika tiba, Dodoma ndiko iliko Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Najua jina hilo hutumiwa mtaani kama tusi, na inaniuma, kwa sababu wapo wanaoacha kwenda kwa kuogopa jina tu. Pale kuna madaktari na wauguzi waliosomea kusaidia watu wa pombe, na utapokelewa kama mgonjwa mwingine yeyote. Na kama rafiki yako anakunywa kila siku, na akikosa mikono inatetemeka, jasho linamtoka na anaona vitu visivyokuwepo, msimfungie chumbani eti aache kwa nguvu. Kuacha ghafla katika hali hiyo kunaweza kuleta degedege na hata kuua. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mmweleze daktari ukweli wote: ni kinywaji gani, kiasi gani, na cha mwisho alikunywa saa ngapi.